Askari Asiyejua Kunong'ona

Askari wa kuongoza wageni waliokuja kutazama ndege pale kinamasini, karibu na mdomo wa mto Kuja, alijaliwa kila kitu isipokuwa sauti ndogo. Buti zake zilikanyaga kimya, na mikono yake ilitenga mafunjo taratibu kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Lakini akifungua mdomo, ng'ombe ng'ambo ya mpaka, Tanzania, waligeuza shingo. "Si hapa nanong'ona!" alimlalamikia Jedidah, mpishi wa chai, na vikombe vikatetemeka. Novemba ile ya tisini na sita mkubwa wake alikuwa ameapa: akifukuza ndege tena kwa kelele, arudi Awendo kukata miwa. Kwa hiyo asubuhi hiyo alijiziba mdomo kwa kofia, akaongoza wageni kwa vidole tu. Jedidah alifuata na birika, roho mkononi. Wageni walikodoa macho kwenye darubini wee, wakaona mafunjo tu.

Ndipo korongo mmoja akapita juu yao, wa kwanza kuonekana kati ya wale wanaokimbia baridi ya Ulaya kila mwaka. Nyumbani kwao askari, mgeni hapiti bomani bila kusalimiwa. Kofia ikaanguka. "Oyawore!" askari akaamkua kwa Kijaluo. "Karibu nyumbani! Mwaka huu mmechelewa!" Nyuma ya mafunjo korongo mamia wakainuka kwa pamoja, weupe, hadi jua likafichika. Jedidah akafumba macho, akaiona miwa. Alipofumbua, mama mmoja mgeni kutoka Nairobi alikuwa amebaki mdomo wazi. Akamvuta askari mkono, akaelekeza kidole ng'ambo ya mto, kwenye mafunjo mengine yaliyotulia.

"Na wale wa kule, baba," akanong'ona, "hujawasalimia?"