Mazishi ya Kichupa

Nilikasirika, na kusema kweli hasira haijaisha. Mimi ni mtunza stoo wa hospitali ya misheni hapa Ufipa. Siku hizi za mabasi ya watu binafsi, mizigo haikawii. Basi la Mbeya likamletea daktari wetu, mtafiti wa maumivu na muwasho, boksi la barafu. Ndani mlikuwa na kichupa kilichoandikwa: protini ya binadamu, ya kuhisi maumivu.

Binadamu! Nimweke kwenye friji ya chanjo za watoto? Daktari alikuwa ameenda kijiji cha Msanzi, nikamwita katekista.

"Anayehisi maumivu ni mtu. Azikwe," nilisema.

Tulimzika makaburini, kwa sala na msalaba wa mti.

Daktari aliporudi nilimsubiri mlangoni.

"Huna haya, daktari? Unamwacha mtu kwenye boksi?"

"Mtu gani, mama? Hiyo protini imetengenezwa na bakteria maabarani, kwa kuiga ya binadamu. Nimeisubiri miezi minane! Iko wapi?"

Katekista, aliyekuwa nyuma yangu na daftari la mazishi, akasogea kwa upole.

"Pole kwa msiba, daktari. Nisaidie jina la marehemu. Tulimzika bila kulijua."