Uzio Nyuma ya Alizeti

Shangazi Margareta ana chumba kimoja tu, nyuma ya nyumba aliyozaliwa huko Uru, mlimani. Mumewe alipomfukuza mwaka 1994 alirudi kwao. Baba yangu, Melkior, mdogo wake na kitinda mimba aliyerithi kihamba, yaani shamba la ukoo, alimpokea kwa sharti. "Panda vya msimu, dada. Maharage, alizeti. Mti au uzio, hapana." Kwetu anayepanda cha kudumu anadai ardhi, na mwanamke hatakiwi kudai. Sheria mpya ya ardhi inasema vingine, ila bado haijapanda mlima.

Basi shangazi akaishi kwa misimu. Alizeti hukua haraka, shina moja, kichwa kimoja kikubwa. Mbegu zikikomaa kinainama na mmea unakufa. Kila mara mashina yalipokauka, baba alipita akitania, "Dada, na mwakani bado upo?" Shangazi alicheka. Mimi nilishindwa.

Masika iliyopita alikata vijiti vya alizeti pori kando ya barabara, akavichomeka nyuma ya mistari ya alizeti. Mimea hiyo ni ndugu, maua yake yote ni ya njano. Lakini alizeti pori ina matawi mengi, vichwa vidogo, majani machungu yaliyochanika kama vidole, na ikishatoa maua haifi. Alizeti ziliificha. Zilipovunwa, uzio ulikuwa umesimama, kijani kibichi, unafika kiunoni.

Baba alikuja na panga.

"Hii nini?"

"Maua."

"Maua gani yanapanga foleni?"

"Nimekubeba mgongoni, Melkior, leo unanipimia hata maua?"

"Utaondoka, dada."

"Niende wapi? Kwa aliyenifukuza? Humu kihambani hata pa kuzikwa hujanionyesha."

Baba alifyeka mstari wote. Nilimwambia kihamba hicho kitakuwa changu, na mimi simfukuzi mtu.

"Sijafa," alisema, akaondoka.

Manyunyu ya Julai yalikuwa yameanza. Shangazi aliokota vipande vilivyokatwa, akavichomeka ardhini kimoja kimoja. Panga la baba lilikuwa limempa vijiti vingi kuliko vya kwanza, vikatosha kuzunguka chumba pande zote. Nilimsaidia mpaka tukakutana mbele ya mlango wake, naye akachomeka hata pale.

"Shangazi, sasa utapitia wapi?"

"Nani kakwambia natoka?"