Sukari ya Mshenga wa Kampuni

Siku ile sikutulia tangu asubuhi. Marubani kumi na wanne tulikuwa tumekubaliana: hakuna atakayesaini mkataba peke yake mpaka kampuni iandike humo saa zetu za kupumzika. Mwenyekiti wetu, mtu wa Masuguru pale Korogwe, alituapisha mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema. Mimi nimewahi kutua huku macho yanajifumba, na abiria wakanipigia makofi. Kampuni inajibu kwamba ndege ikilala chini haiingizi kitu.

Nikakimbilia kwa mama, Chanika, Handeni, niwe mbali na kelele za vikao. Wapi. Nilifagia uwanja, nikatazama simu, nikafagia tena.

Mchana akaja mzee mmoja wa ofisini kwetu, Mzigua mwenzetu, na kilo mbili za sukari na doti ya khanga. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaongea na mama tu, kama mshenga aliyekuja kuposa. Kampuni ilitaka nisaini siku hiyohiyo, na ningepewa ukapteni. Walijua pa kunishika. Nilichemka, lakini yule ni mzee, nikamwachia mama.

Mama aliupakata ule mfuko. Kwetu, sukari ya mshenga ikishaingia kwenye chai, maneno yamekubaliwa. Kama hutaki, unairudisha kabla hujaifungua.

"Na wenzako," akaniuliza, "wao wameletewa?"

"Sijui, mama."

"Basi mrudishie mzee mzigo wake. Umsindikize."

Aliipapasa ile khanga kabla hajanipa. Ilikuwa nzuri, nami nikajiona mtoto mbaya.

Mzee hakukasirika. Alifungua buti la gari aweke vitu vyake, na humo nikaona mfuko mwingine wa sukari, mkubwa kuliko wetu.

"Huo unaenda Masuguru," akasema. "Kwa mwenyekiti wenu."

"Naye ataurudisha, mzee."

Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Mwenzako alisaini juzi, mwanangu. Hii si ya kuposa. Ni ya shukrani."

Gari likaondoka. Niliporudi, mama aliniuliza kama mzee amekasirika. Nikamwambia hapana, nikachukua ufagio.