Matambara Yaliyofuliwa kwa Ajili Yangu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi la kwangu nilipewa hata chai haijapoa, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Nauza mitumba Nyakato, hapa Musoma. Nilijitolea kwenye mradi wa kuzuia tembo, katika kijiji kilichojificha huko mbele ya Bunda, pembeni mwa hifadhi. Kazi yenyewe haina umaridadi: unachovya matambara kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kutwanga, unayafunga kwenye kamba kuzunguka shamba. Tembo akinusa, anageuza. Mchango wangu ulikuwa dumu la oili nililoomba kwa mafundi wa gereji mtaani. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mjane. Mtama wake ulikuwa umebakiza kidogo kuvunwa, na ndio ungekuwa chakula chake cha mwaka mzima. Wa msimu uliopita tembo walikula, wakamwachia mabua. Alinipokea kwa vigelegele, ila badala ya kiganja akanipa kifundo cha mkono. Nikadhani ametoka kukanda unga. Ua limefagiliwa, chai ya maziwa iko mezani, kuku anachemka. Nikajiona malkia.

Msimamizi wa mradi, aliyenileta kwa pikipiki, akatazama shambani na kushika kichwa. Kwenye kamba zote yalipepea matambara meupe, yananukia sabuni.

"Mama, umefanya nini?"

"Niliona aibu, mwanangu. Mgeni anatoka mjini, anakuta machafu yananing'inia shamba zima? Atasemaje? Nikafua. Na tembo wenyewe siku hizi hawapitagi huku."

"Leo asubuhi tumekuta mavi mabichi pale mtoni."

Mama akakaa chini kwenye vumbi, viganja vikitazama juu. Vilikuwa vyekundu, vimevimba kwa pilipili. Nilishindwa kuzuia machozi. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuungua mikono ili mimi nikute pasafi.

Jua lilikuwa limeshainama. Akina mama wa jumuiya yao ya kanisani, waliokuja kunisalimia, wakavamia kinu. Dumu langu likafunguliwa. Tulitwanga, tukachovya, tukafunga, huku tukipiga chafya kijiji kizima. Nikajisahau nikajifuta jicho. Walinicheka huku wananimwagia maji usoni, na kitenge changu kipya kikawa rangi ya gereji.

Tambara la mwisho lilifungwa jua likizama, na tembo wakatokea kabla giza halijaingia. Jike kubwa lilitangulia. Likafika kwenye kamba, likainua mkonga, likapuliza kwa nguvu mpaka nikasikia kifuani. Likatikisa kichwa, likageuza, na wanawe wakalifuata. Mama alinishika kwa mkono wake ulioungua, akaomba kwa lugha ya kwao. Sikuelewa hata neno. Nikaitika amina.

Nilikaa mpaka mtama ukaingia ndani, wote. Siku ya kuondoka akanifungia kiroba kimoja cha mtama huo, tukabishana, nikashindwa. Akanisindikiza mpaka barabarani.

"Ukija tena sikufulii kitu," akasema. "Utanikuta hivi hivi na uchafu wangu."

Nimekaribishwa nyumba nyingi. Sijawahi kukaribishwa vizuri kuliko hivyo.