Kopa Saba za Papa

Papa alijifunza bridge kwa Mgiriki mmoja mnunuzi wa kahawa, alikokuwa karani. Mchezo ule wa karata unataka watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na Wagiriki walikuwa wamebaki watatu. Karani akaitwa kujaza kiti. Aliupenda kuliko kazi yenyewe. Alimfundisha mama, mimi na mdogo wangu, hata jirani yetu, mtu wa Isangi aliyekuwa akiuza dawa, tunayemwita tonton, yaani mjomba. Ndiyo maana hapa mtaani kwetu, commune ya Tshopo, wenzetu wanacheza dama na sisi tunacheza kitu kisichoeleweka na mtu. Mama alipofariki nilirithi kiti chake, mbele ya Papa. Hakuniuliza kama nataka.

Nieleze kidogo, nivumilie. Kabla ya kucheza, mnatangaza kwa zamu aina gani ya karata itakuwa turufu na mtashinda mizunguko mingapi juu ya sita. Kwa kawaida watu huanzia moja, wakapanda polepole, na kwa njia hiyo wenza wanaambiana walicho nacho. Lakini ukiwa na mkono dhaifu, ila karata saba ni za aina moja, unaruhusiwa kuruka moja kwa moja hadi tatu. Unawafunga mdomo wapinzani. Bahati mbaya, na mwenzako umemfunga. Hata akiwa na mkono mzuri namna gani, nafasi ya kusema lake haipo tena: anahesabu mizunguko yake ya uhakika, halafu ama ananyamaza, ama anakupandisha hadi nne. Papa alizipenda tatu zake kupita kiasi, mezani na nje ya meza. Siku nilipomaliza masomo ya sekondari alitangaza mbele ya wageni kwamba nitakuwa mwalimu. Nifanye nini, nikawa mwalimu.

Mwaka jana akaanza kuchanganya karata nyekundu. Kopa na uru alizishika pamoja kama ndugu, akitangaza kopa tatu bila kuwa na kopa za kutosha. Mwanzoni nilicheka. Halafu akapotea na baiskeli, akaokotwa mtaa wa Kabondo akigonga mlango wa ofisi ya yule Mgiriki, iliyofungwa zamani. Halafu akaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Niliomba ruhusa shuleni ya wiki moja, na sijarudi mpaka leo. Hata sokoni sikwenda bila kumwomba tonton akae naye. Nilichoka, jamani. Nikampigia mdogo wangu simu Kinshasa, aje aone mwenyewe. Alikuja na tiketi mbili za kurudia, yake na ya Papa, ila alitaka kuhakikisha kwanza, maana kwenye simu Papa anaongea kama waziri.

Na kweli, kwa siku mbili Papa alikuwa mzima kabisa! Alikula lituma, ndizi zetu za kuponda, na samaki, akamsahihisha mwanawe Kifaransa, akataja majirani wote bila kukosea. Mwongo nikaonekana mimi. Jumapili mchana akadai karata. Nilikaa mbele yake, na mdogo wangu akashirikiana na tonton.

Papa alipanga karata zake, akatabasamu, akatangaza kopa tatu.

Sasa kuna sheria moja: mpinzani ana haki ya kumuuliza mwenza wa aliyetangaza maana ya tangazo lile, na huyo lazima aseme kweli. Papa aliishika sheria hiyo kama sala. Mdogo wangu alizilaza karata zake kifudifudi, akaniangalia mimi, yaya wake, dada mkubwa.

“Yaya, Papa akifungua hivi, iko na nini?”

Papa naye alinitazama, uso wa mtu anayengoja kusifiwa. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, kwamba siku hizi hatujui ana nini, na kesho yake ningekuwa huru. Nilitaka aende. Nasema wazi, kwa sababu nimechoka kujifanya binti mwema: nilitaka aende. Lakini kuisema pale, mezani kwake, kwa sheria yake mwenyewe, ulimi ulikataa.

“Kopa saba,” nikasema. “Na nguvu kidogo.”

Nikishasema saba, ilibidi nicheze kama mtu anayeamini saba. Nilikuwa na karata kubwa nne, na mwenye mkono ule hupanda. Ningenyamaza, mdogo wangu angejua simwamini Papa. Nikasema nne. Mdogo wangu akatoa karata ya kwanza, na mimi nikatandika zangu zote wazi mezani, kama inavyotakiwa. Anayetandika hivyo kwa Kifaransa anaitwa le mort, maiti: hachezi tena, hasemi, anaangalia tu.

Nilitandika kopa mbili. Kopa zote ni kumi na tatu. Mdogo wangu alikuwa nazo tano, ndiyo maana aliuliza. Tano zake, mbili zangu, na saba za Papa: kumi na nne. Nilimwona akihesabu, nikamwona amemaliza.

Papa alicheza kopa, kopa, kopa, halafu akaweka uru na kuiita kopa. Tonton akaangalia dari. Mdogo wangu akakusanya karata polepole, akasema tumechoka wote, tuache. Ndipo akamwomba Papa waende pamoja Kinshasa, daktari amwone. Papa akakunja uso, akataka kujua nani amesema anaumwa. Akanigeukia.

“Wewe njo unacheza na mi kila siku. Sema kweli: mi niko mugonjwa?”

Mdogo wangu alinitazama tena, naye akiniuliza kwa macho. Alikwisha kujua yote. Alikuwa ananifungulia mlango tu. Ningesema ndiyo, mengine angebeba yeye.

“Hapana, Papa. Uko muzima.”

“Umesikia,” Papa akamwambia.

Usidhani ni upendo. Maisha yangu yote mtu huyu ametangaza kwanza, na mimi nimefundishwa mambo mawili tu, kunyamaza au kumpandisha.

Asubuhi nilimsindikiza mdogo wangu hadi kwenye pikipiki ya kumpeleka uwanja wa ndege wa Bangboka. Aliahidi kutuma dawa. Kisha akasema, “Yaya, nilikuuliza mara mbili.” Nilirudi ndani, nikafunga mlango kwa ufunguo. Papa akaja, akajaribu kitasa, akauliza nani ametufungia. Nikamwambia ni mimi.