Rangi Niliyomwaga Mtoni Naitiri

Mnicheke, lakini mnisikilize kwanza. Mimi ni profesa wa uhandisi. Nilienda Tongaren na wenzangu wa kilimo na wa mambo ya jamii kuchunguza chemchemi zinazokauka tangu mvua ianze kubadilika. Daktari Nafula, anayejua mambo ya jamii, alinisihi niwaarifu wenyeji kwanza. Nikamjibu kwamba maji hayahitaji mkutano.

Jumapili asubuhi nilitoka Kitale peke yangu, nikamwaga kwa mikono mitupu, kwenye kijito kinachoteremkia mto wa Naitiri, unga wa rangi usio na madhara, unaogeuka kijani ukilowa, nione maji yanapita wapi. Kisha nikashuka kwa gari hadi Naitiri, huko Tongaren, kuyasubiri.

Nilikuta kanisa zima mtoni, kanzu nyeupe kila mahali, pasta akibatiza. Kabla sijafungua mdomo, maji yakageuka kijani. Mama aliyekuwa amezamishwa akaibuka na kanzu ya kijani, akapiga nduru.

“Ni sumu!” mzee mmoja akasema.

“Ati sumu? Huu ni uchawi, bana! Tukimshika huyo mchawi atatueleza!” kijana mmoja akadakia.

Vijana wakaanza kukata fimbo. Nikajichanganya na waumini, nikamlaani mchawi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Pasta akawanyamazisha. “Tuombe. Kila mtu ainue mikono, Bwana atufunulie aliyefanya hivi.”

Nikainua yangu upesi, nimefumba macho. Maombi yakakatika ghafla. Nilipofumbua macho, wote walikuwa wananitazama viganja. Vilikuwa vimelowa jasho la woga, na jasho lenyewe lilikuwa la kijani.