Alama Zote za Waya Mpya

Nikimtaja Vénantie, hasira yangu huanza na mkurugenzi wetu Cassien, kisha humfikia Vénantie mwenyewe. Nampenda, lakini sitamsafisha.

Mimi nipo mapokezi katika zahanati ya Kamembe. Yeye ni fundi wetu wa mtandao. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi huko Kongo, akilelewa na kaka yake, Harelimana, ambaye alimsomesha kwa vibarua vya kupanda minara. Waliporudi Rwanda alikuwa na ndoto moja tu: Yaya, kama alivyomwita kaka yake, apate ajira ya kudumu. Cassien akampa kaka huyo jaribio. Avute waya wa fibre hadi tawi letu la Gihundwe, kwa kuwa antena ya zamani ilikata kila mvua iliponyesha. Waya ukivumilia mvua, kazi ni yake.

Harelimana aliuvuta vizuri. Ikabaki kuiambia ruta, kifaa kinachochagua njia ya mtandao, iutumie. Ruta ikiambiwa njia mbili za kwenda mahali pamoja, hutazama namba inayoonyesha mwenye habari anaaminika kiasi gani, na namba ndogo ndiyo hushinda. Wafaransa huiita distance administrative. Njia ya antena, ambayo ruta zilipashana zenyewe, ilikuwa na 110. Ile ya fibre Vénantie angeiandika kwa mkono, ipate 1, na antena ibaki akiba.

Cassien alikuwa amesimama nyuma yake. Mzee huyu amezeeka na imihigo, ile mikataba ambayo wilaya hushindania alama, na aliposikia namba za 1 hadi 255 na neno administrative, akajua ni alama.

"Fibre yote hii unaipatia point moja?" alisema. "Ipatie deux cent cinquante-cinq, points zote."

Vénantie alimweleza mara ya kwanza, na ya pili. Cassien akasema mbele yetu sote kwamba waliosomea ng'ambo ya Ruzizi wanajua kubisha tu, kazi hawajui. Hapo alimchoma.

Kwa ruta, 255 maana yake ni usiiamini njia hii kabisa. Vénantie alijua hilo kuliko sisi sote. Akaandika 255, akageuka, akatabasamu. Tulipokwenda kunywa chai aliniambia mvua ikinyesha mzee atapata aibu yake. Nilicheka naye, Mungu anisamehe.

Jua liliwaka, mambo yakaendelea kupita kwenye antena, na Cassien akawa anausifia waya kwa kila mgeni. Kisha mvua ikaja. Antena ikakata, majibu ya maabara ya Gihundwe yakakwama, na fibre ilikuwa pale pale, taa yake inawaka, ruta haiitazami. Wagonjwa walijaa mbele yangu wakinitukana. Cassien hakwenda kwenye ruta. Alimwita Harelimana akamwambia waya wake ni wa bure na kazi hana.

Vénantie aliposikia alikimbia kubadilisha namba. Majibu yakamiminika papo hapo. Akaenda ofisini kwa mkurugenzi, mlango wazi, tukimsikia, akakiri kwamba aliweka ile namba akijua itakavyokuwa na kwamba waya haukuwa na kosa tangu siku ya kwanza.

Cassien alimsikiliza kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma hadi leo.

"Unatetea ndugu yako," alisema, kama baba kwa binti yake. "Waya ilikuwa mubovu, njo maana umeitengeneza. Hata mimi ningesema vile. Asante sana, ma fille."

Akampongeza mbele ya wafanyakazi wote. Unga wa Harelimana ukabaki umemwagika.

Nilitoka na ndugu hao wawili hadi getini, Harelimana amebeba kamba zake begani. Alimuuliza dada yake kama kweli alijua. Vénantie akasema ndiyo, alitaka tu Cassien aaibike.

"Na mimi, ulinisahau?"

Vénantie akanyoosha mikono ampokee zile kamba. Alikuwa amemsahau kweli.